Pua ya Yadi ya Plastiki

Siku tatu! Siku tatu tu mtu amekaa kwenye semina, kanywa chai ya bure, kapiga picha na wenzake, na leo ameingia yadini na cheti ndani ya mfuko wa nailoni, anakitembeza mkononi kila mtu akione. Bi Pua alitamani kucheka ila alijizuia. Mwenye cheti hakuwa mtu baki. Alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwanamume ambaye nyumbani hawezi kubadilisha balbu bila kuanguka na kiti.

Kwa miaka kumi na minne Bi Pua ndiye aliyekalia meza ya kuchambulia plastiki. Kazi yake ilikuwa kusema kila kipande ni cha jamii gani kabla hakijafika kwenye mashine ya kusagia, maana kipande cha bomba kikijipenyeza katikati ya vipande vya madumu, mzigo mzima huharibika wakati wa kuyeyusha. Alikuwa akikwangua kwa kucha, anakunja, anachoma ncha kwa kiberiti, ananusa moshi, kisha anatoa hukumu. Ndiyo sababu wakampa jina hilo, na hukumu yake haikuwa na rufaa.

Jambo moja tu hakumwambia mtu. Tangu mvua zilizopita, pua yenyewe ilikuwa imekufa. Moshi wa miaka yote hiyo ulikuwa umeimaliza. Hasikii harufu ya kitunguu, hasikii ya sabuni, na chakula anakula kwa kukumbuka tu. Na sasa bosi ametangaza kwamba mezani atabaki mtu mmoja, atakayeshinda jaribio la leo, mwingine ataenda kuosha chupa uani. Kuosha chupa, baada ya miaka kumi na minne! Alijua akienda huko harudi tena.

Shemeji akaanza. Akaweka beseni la maji mezani, akakohoa, akatazama dari.

"Kinachoelea ni cha madumu na vizibo," akasema. "Kinachozama ni cha mabomba na chupa za maji."

Angalau kukariri anajua, Bi Pua akajisemea. Shemeji akamimina kopo zima la vipande vilivyokatwakatwa, vya buluu na vya kijivu, vyembamba, vikavu kabisa. Nusu ya vile vya kijivu vikabaki vimelala juu ya maji. Akavichota kwa madaha na kuvitia kwenye gunia la madumu.

"Shemeji, umetia sabuni?" Bi Pua akauliza.

"Semina haikusema sabuni."

"Haikusema! Na wasipokwambia ufungue mlango, utapitia ukutani?"

Yadi nzima ikaangua kicheko. Bi Pua hakuwa na haraka. Akatia tone la sabuni ya maji, maana kipande kikavu huelea kwa uongo, akavirudisha vile vya kijivu, akakoroga kwa kidole. Vikazama vyote, hata kimoja hakikubaki. Akatoa kimoja, akapasha waya wa shaba motoni, akaugusisha kwenye kipande, akaurudisha motoni. Mwali wa moto ukawa wa kijani.

"Bomba," akasema. "Mtu mzima anatia bomba kwenye gunia la madumu, halafu ana cheti. Kakifungie maandazi hicho."

Shemeji akainamisha macho. Bi Pua alifurahi hadi akaona aibu kidogo, ila kidogo tu.

"Haya, kimoja cha mwisho," bosi akasema. Akaingiza mkono kwenye mzigo wa asubuhi, akampa kipande cha manjano, bado kimeloa.

Bi Pua akakwangua, kucha ikaacha alama. Akakunja, hakikuvunjika. Angeishia hapo angekuwa ameshinda. Lakini watu walisimama wakingoja ile pua, na yeye alitaka kumkanyaga shemeji yake kabisa. Akakipeleka puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Dumu la maji, safi," akatangaza. "Kikiwaka kitanuka mshumaa."

Akawasha kiberiti.

"Shemeji, acha!"

Shemeji akaruka, akampiga mkono. Njiti ikaangukia ndani ya beseni, ikazimika kwa mlio mfupi.

"Kimelowa mafuta ya taa hicho! Ungeungua uso!"

Hapo ndipo Bi Pua alipotazama pembeni. Wanawake waliokuwa wakiosha chupa, kule mbali uani, walikuwa wameziba pua kwa nguo zao tangu bosi alipokitoa kile kipande mzigoni. Hakuna aliyecheka.

"Bi Pua," bosi akasema taratibu. "Hukusikia harufu?"

Bi Pua akakiweka kile kipande mezani, akafuta vidole kwenye kanga.

"Ana mafua, bosi," shemeji akasema. "Tangu juzi. Mdogo wake anamchemshia tangawizi kila jioni."

Uongo mtupu. Bi Pua akamgeukia. Laiti angeona dhihaka usoni pake, angejua la kufanya nayo. Hakuwa na dhihaka. Alikuwa akimwonea huruma, mjinga yule, tena huruma ya kweli, na hiyo ilimchoma kuliko moto aliokoswa nao.

"Ni kweli, Bi Pua?" bosi akauliza.

Watu wote walimngoja yeye. Bi Pua akainama, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akapiga chafya ya uongo.