Kuvu ya Chumba cha Tatu

Mavuno ya pili ya Chumba cha Tatu yaliporudi kutoka maabara yamefeli, Kalisi Fonokalafi aliisoma ile karatasi amesimama, kisha akaisoma tena amekaa. Kuvu. Kuvu ileile ya mavuno yaliyopita. Mtu mwenye afya zake akiivuta hata hapigi chafya, ila mgonjwa wa saratani aliyedhoofishwa na matibabu inaweza kumwingia mapafuni ikammaliza. Na bangi ya hospitali hailimwi kwa ajili ya wenye afya zao.

Kalisi ndiye aliyekuwa mkuzaji mkuu. Watonga wenzake, waliohamia kutoka visiwani kwao, walikuwa wakichuma zabibu pale Robinvale, na siku alipoacha zabibu akaenda kwenye bangi, nusu ya kanisa ilimwombea kana kwamba ameanza kuiba magari. Hakujali. Miaka sita sasa alikuwa akiilea ile mimea, na aliujua wenye kiu kwa kuutupia jicho tu. Leo haikumsaidia kitu.

Meneja wao, Bronwen Tuckwell, aliwakusanya wote kumi na mmoja kwenye chumba cha chai.

"Wakaguzi wanakuja Ijumaa ijayo," alisema. "Tusipowaonyesha kuvu inatoka wapi, leseni inasimamishwa, na hapa panafungwa. Sitaki hadithi. Nataka chanzo."

"Si tuyapige tu hayo maua mionzi ya kuua kuvu, bosi?" aliuliza Des Garrity, mwagiliaji, mzee wa miaka sitini na moja, mfuga kuku na msema ovyo.

"Mnunuzi hataki maua yaliyopigwa mionzi. Nimembembeleza mpaka basi."

Siku mbili Kalisi alihangaika. Alipangusa feni, mabomba, vichujio vya hewa, magurudumu ya vitoroli, akapima kila kitu, na kila kitu kilikuwa safi. Usafi huo ulimtia hofu kuliko uchafu. Kama si vitu, basi ni watu.

Jumatatu aliwapanga mstari, kila mmoja na kisahani chake cha maabara chenye namba, kilichotiwa rojo la kuoteshea kuvu. Kila mtu alitakiwa kukigandamiza kisahani kwenye nguo yake ya ndani ya ovaroli. Sheria ilikuwa moja, na Kalisi mwenyewe ndiye aliyeibandika mlangoni: kitu cha nje hakipiti mlango wa pili. Nguo za ndani walipewa na kampuni. Saa, pete, vitambaa, vyote vilibaki kabatini.

"Na wewe je, mama mkuu?" Des alimtania alipomaliza chake, namba sita. "Au jasho lako ni la kanisani, halina vijidudu?"

Watu walicheka. Kalisi naye akacheka, akachukua kisahani namba saba, akaupitisha mkono ndani ya ovaroli yake, akakigandamiza kiunoni.

Kiunoni alikuwa amejifunga kipande cha mkeka. Mama yake alikufa kisiwani kwao Vava'u siku themanini na moja zilizopita, katikati ya wiki ya mavuno, na Kalisi hakwenda kuzika kwa sababu Chumba cha Tatu kilikuwa kimeiva. Kaka yake Feleti aliukata mkeka ambao mama alikuwa akiufunga kwenda kanisani, akampa mtu amletee. "Ufunge siku mia," alimwambia kwenye simu. "Hukuja kumzika, hili tu hutashindwa." Tangu siku hiyo hakuuvua ila kuoga. Watonga wote hufunga mkeka wakifiwa, tena nje ya nguo, watu waone. Yeye aliuficha ndani. Wala hakujihesabu mvunja sheria, kwa sababu hakuuona kuwa kitu cha nje. Ulikuwa mama.

Alhamisi asubuhi alifungua peke yake kabati la joto la kuoteshea visahani. Visahani tisa vilikuwa safi kabisa. Namba sita kilikuwa na doa moja jeupe lisilo na maana. Namba saba kilikuwa kimefunikwa chote, rangi ya kijani-kijivu, laini kama manyoya ya kifaranga.

Akakaa sakafuni. Mavuno mawili. Watu kumi na mmoja. Na wale wagonjwa, Mungu wangu, wale wagonjwa. Je, maabara ingepitiwa mara moja tu? Alijishika kiuno kwa mikono miwili, akasikia majani makavu yakilia chini ya kitambaa.

Akasimama. Akaibandua namba sita, akaibandua namba saba, akazibandika kinyume. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Des ana kuku, na kila mtu angeamini.

Na kila mtu aliamini. Bronwen alivipanga visahani mezani mbele ya wote, akakisogeza namba sita mbele. Des alikitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Lakini mimi huoga, bosi," alisema taratibu. "Kila asubuhi, baada ya kuwalisha kuku. Naoga, wallahi naoga."

"Najua, Des. Lakini lazima uondoke leo."

Mzee alitikisa kichwa. Kisha akageuka, akamshika Kalisi mkono.

"Nisamehe, dada. Umeteseka na hivyo vyumba, kumbe mimi ndiye ninayekuchafulia. Na siku zile umefiwa, hata kwenu hukwenda, kwa sababu ya mavuno haya haya. Nimekuponza. Leo hii nawachinja wote, hata jogoo."

Kalisi alitaka kusema asiwachinje. Badala yake mkono wake ulikwenda kwenye zipu ya ovaroli, ukaishusha hadi chini, hapo hapo mbele ya visahani.

"Ni mimi," alisema. "Namba nilizibadilisha. Ni mimi, Des."

Bronwen aliuangalia ule mkeka mchakavu, akafumba macho kidogo.

"Wa mama yako?"

"Ndiyo."

"Unajua mkeka huo unakokwenda, Kalisi."

Alijua. Yeye ndiye aliyewafundisha. Kila kilichobeba kuvu huingia kwenye mashine pamoja na mimea, kinasagwa kikichanganywa na maranda ya mbao, mbele ya mashahidi wawili, na wanatia sahihi.

"Bado siku kumi na sita," alisema. "Naomba niondoke nao. Nifukuzeni, lakini niondoke nao."

"Wakaguzi watataka kuona umesagwa. La sivyo hawa wote wanaondoka na wewe."

Kalisi aliwatazama hawa wote. Akaanza kufungua fundo, lakini alilivuta kwa nguvu, fundo likazidi kukaza. Alijaribu, akaacha, akajaribu tena, huku analia waziwazi kama mtoto. Ndipo Des akapiga magoti mbele yake, akavua glavu, akaanza kulifungua.