Siku Niliyocheka Brussels

Papa, baba yangu, alizikwa Jumapili, wakati mimi nachagua chokoleti za kumletea, na nusu ya mtaa wetu wa Batsinda inaamini nilijua amekufa nikaendelea kustarehe. Nasema mapema, maana sina hamu ya kumzungusha mtu. Anayetaka kuamini, aamini. Asiyetaka, shauri yake.

Tulikuwa watatu. Joselyne nimekua naye Buyenzi, kule Bujumbura, kabla familia zetu hazijahamia Kigali, na mtu akiuliza huwa nasema ni dada yangu ili kufupisha maneno. Jovia yeye kakulia Kampala, anafanya kazi ofisi moja na Joselyne, na mdomo wake hauna breki. Safari ya Brussels tuliizungumza kwenye baa za Gisimenti, hapohapo Kigali, juu ya mishikaki mpaka wahudumu wakatuchoka. Ni siku chache tu, tembea, piga picha, rudi. Papa alikuwa mzima siku naondoka. Aliniambia, "Enda mwanangu, uniletee chokoleti, ile ya giza."

Alhamisi asubuhi Papa alianguka bafuni, hakuamka tena. Mdogo wangu Armel, anayeishi naye, alifanya kile ambacho yeyote kwetu angefanya: hakunipigia simu. Kwetu mfiwa haambiwi kwa simu. Anatafutwa mtu aliye karibu naye, huyo ndiye anamkalisha, anamshika, anamwambia polepole. Kwa hiyo Armel alimpigia Joselyne.

Joselyne naye akafikiri kwa namna yake. Chumba cha hoteli, nchi ya watu, hakuna shangazi, hakuna jirani wa kumshika Aurore, yaani mimi, akianguka. Mazishi yamepangwa Jumanne, sisi tunafika Jumatatu. Basi aambiwe nyumbani, akiwa katikati ya watu wake. Jovia akakubali. Wakapatana wakiwa kwenye korido, mimi bafuni naimba.

Armel alipouliza kwa ujumbe, "Amepokeaje?" Joselyne aliandika: "Iko sawa, niko namushika. Lakini musimupigie, hana nguvu ya kuongea." Alitaka tu kuzuia simu zisinifikie. Sentensi hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Mimi nikapewa wema wa ajabu. Joselyne ananishika mkono kuvuka barabara kama mtoto. Jovia, mtu asiyejua hata mwenzake kalala wapi, kila saa, "Umekula? Umelala vizuri?" Nikimpigia Papa hapokei, Joselyne anasema, "Si unajua simu ya muzee haikaage na chaji?" Na kweli ilikuwa haikai. Nikaridhika. Nilikuwa na furaha, jamani, hilo silikani.

Jumamosi kulinyesha. Tulikuwa kwenye ule uwanja wao mkubwa wenye majumba yaliyopakwa dhahabu, tumejibanza chini ya mwavuli mmoja, tunakula gofri za moto, zile keki zao za vyumba-vyumba. Jovia akanipaka krimu puani. Nikacheka mpaka nikainama. Nikamwambia Joselyne nipige picha, akapiga upesi, akanirudishia simu bila kuitazama. Nikaiweka picha kwenye status ya WhatsApp na maneno: Acha nile maisha.

Watu wengi waliitazama. Hakuna aliyeandika neno. Nikasema moyoni, wivu huo.

Siku hiyo uani kwetu Batsinda kulikuwa na hema na viti vya kukodi. Simu ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa Shangazi Mukunde, dada yake Papa. Naambiwa aliitazama muda mrefu, akairudisha, akauliza, "Huyu ndo hana nguvu ya kuongea? Sasa tunangoja nani?" Jumanne ikafutwa. Kesho yake wakamzika.

Jumatatu tulipotua, wenzangu wakang'ang'ania kupanda nami teksi moja. Nikauliza kwa nini hawashuki Remera kwao. "Acha tukusindikize, sha," Joselyne akasema, ile "sha" yetu ya kubembelezana, na sauti haikuwa yake. Kwenye kona ya mwisho nikaliona hema.

"Aurore, ngoja. Ukae kwanza."

"Si nimekaa!"

Akanikumbatia kwa nguvu. "Papa hako tena," akasema.

Nikamsukuma, nikafungua mlango gari bado linatembea. Nililia kwa sauti mpaka getini. Huwa kwetu ukiingia unalia hivyo, wanawake wanakuja kukupokea. Hawakuja. Walibaki kwenye viti vyao wakinitazama. Shangazi Mukunde ndiye aliyesimama.

"Karibu. Umeshiba huko?"

"Shangazi, Papa iko wapi?"

"Tulimuzika jana."

Joselyne alipiga magoti palepale kwenye changarawe. "Shangazi, hakujua. Mimi ndo sikumwambia. Nilitaka aambiwe hapa, na nyinyi. Naapa kwa Mungu."

Shangazi akamgeukia Armel. "Wewe ulitusomea nini?"

Armel macho mekundu, hajanyoa. "Ni yeye mwenyewe aliandika. Kwamba anamushika. Kwamba hana nguvu."

"Sasa leo anabadirisha," Shangazi akasema. "Rafiki muzuri. Kila mutu angependa kuwa na rafiki wa kumudanganyia hivi."

Tangu Alhamisi Joselyne alikuwa hajasema ukweli, na siku aliyousema hakukuwa na hata mmoja wa kuupokea. Nikajitetea. Nikasema mwangalieni usoni, mtu anaweza kuigiza hivi? Jovia naye akaingiza maneno yake, Kiingereza kwa Kiswahili, akazidi kuharibu. Mama mmoja jirani akainamia sahani yake akaendelea kula wali.

Armel akanipeleka makaburini kwa teksi ileile. Udongo ulikuwa bado mwekundu, maua hayajanyauka. Niliupapasa kwa mikono yote miwili. Nikamwambia Papa kwamba sikujua. Nilimwambia mara nyingi, kwa sauti, mpaka nikaona aibu mbele ya watu waliokuwa wakichimba kando.

Tuliporudi, beseni na jagi vilikuwa getini. Atokaye kuzika hunawa kabla ya kuingia, na anayemmiminia ni mtu wa nyumba hiyo. Shangazi aliniona akaingia ndani. Binamu zangu wakawa wanatazama simu zao. Joselyne, ambaye hakuwa ameondoka, akachukua jagi.

"Njoo unawe, sha."

Nilimtazama. Nilimpenda na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja. Sikusogea. Alisimama na jagi lake mpaka Armel akampokonya taratibu, akaniambia nikinge mikono. Nikaikinga. Maji yalikuwa baridi. Nikashukuru kwamba angalau huyu ninaye, huyu tumezaliwa tumbo moja, huyu ananijua.

Akaniinamia sikioni, akimimina, asisikike na mtu.

"Dada, mimi sitaambia mutu yeyote. Niambie tu mimi. Ulijua?"

Nikaivuta mikono yangu. Maji yakaendelea kumwagika ndani ya beseni. Nikampita, nikaingia nyumbani kwa Papa na udongo wa kaburi lake bado umo kwenye kucha zangu.