Vigae vya Kona ya Pampu

Nilipofungua tanuri asubuhi ile, jambo la kwanza nililofanya ni kutukana. Vigae vyote vya rafu ya kati vilikuwa vimebonyea katikati kama godoro la mtu mnene, na badala ya ule ukijivu wetu wa kila siku vilikuwa na weupe wa maziwa yaliyotiwa maji. Mimi ndiye mchomaji. Kigae kikiharibika, kila mtu hunitazama mimi kwanza, na mimi sipendi kutazamwa.

Kazi yetu ni kula majivu. Jirani yetu ni kituo cha umeme kinachochoma makaa ya mawe, na majivu yake, tangu kabla sijazaliwa, humwagwa kwenye bwawa kubwa nyuma ya ukuta. Sisi tunayachimba, tunavunja mabonge, tunayapitisha kwenye sumaku ili chuma kitoke, tunayasaga kwenye kinu pamoja na unga mweupe wa alumina, tunayabana kuwa vigae, kisha yanakuja kwangu. Humo tanurini mwangu hata shaba ingetiririka kama uji. Yakitoka salama yamekuwa kauri ngumu, ambayo viwanda vya chuma na vioo huitandaza ndani ya matanuri yao kwa kuwa haiogopi moto tena. Kigae kilichobonyea hakina kazi. Hurudishwa kinuni, husagwa, huchanganywa na majivu ya zamu inayofuata. Kwetu hakuna kinachotupwa.

Injinia alikuja akiwa bado anatafuna mkate. Ni mtu mpole, mwenye tabia ya kugusa miwani yake kabla ya kusema jambo baya. Alichukua kigae kimoja akakiinua dirishani, na mwanga ukapita. Niliona kivuli cha vidole vyake kwa upande wangu.

"Dada, joto lilizidi?"

"Halikuzidi. Usinianze asubuhi."

"Sikuanzi. Nauliza tu."

"Na mimi nakujibu."

Akavunja kipande, akaenda nacho kwenye chumba cha vipimo, kwenye ile mashine inayosema kitu kimetengenezwa kwa nini na nini. Mimi nikanywa chai yangu kwa hasira. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu, na akagusa miwani.

"Kuna chokaa nyingi. Na fosforasi, nyingi kuliko majivu yanavyoweza kuwa nayo."

"Imetoka wapi?"

"Unavijua vile vikombe vyembamba vya bei mbaya, ambavyo ukivishika unaona vidole vyako upande wa pili? Vinatiwa unga wa mifupa. Ndio unaovipa weupe ule." Akagusa miwani tena. "Nafikiri ng'ombe alizama bwawani zamani, majivu yakamgandia. Bonge likapita kwenye mashine ya kuvunja, hatukuona. Bahati mbaya tu. Vitarudishwa kinuni na hivi vingine."

Niliweka kikombe chini. Nilitoka nje kumtafuta dereva wa katapila. Tunamwita Taratibu, kwa kuwa hajawahi kufanya jambo kwa namna nyingine.

"Majivu ya mchanganyiko uliopita uliyachota wapi?"

"Kona ya pampu," akasema kutoka juu. "Pale walipoondoa uzio juzi. Majivu yake laini kabisa, ila mabonge yake yana roho ngumu."

Nikakaa kwenye mnyororo wa katapila kama mtu anayesubiri kuchukuliwa. Kona ya pampu ilikuwa na uzio wa chuma na kufuli tangu bwawa lilipochimbwa, na ufunguo wa kufuli hiyo ulikaa kwenye mkanda wa baba yangu.

Baba alikuwa mwangalizi wa pampu. Nilikuwa bado mtoto wa shule asubuhi ile ya mvua tuta la bwawa lilipoporomoka na kona ile ikafunikwa na majivu. Baba alikuwa ametoka nyumbani na chakula chake mkononi kama siku zote. Kituo kikasema pale hapakuwa na mtu, mfanyakazi huyo hakuripoti kazini siku hiyo. Basi watu wakapata la kusema. Ametumia zogo lile kumkimbia mkewe. Yuko na mwanamke mwenye duka, wengine mwanamke mwenye gari, na mwanamke huyo walimweleza vizuri mpaka mavazi yake. Mama hakubishana na yeyote. Aliyeuliza mumeo yuko wapi alijibiwa, "Yuko kazini." Wakaanza kumwonea huruma kwa kunong'ona. Hakuna aliyekuja kutupa pole, hakuna kaburi, Mama si mke wala si mjane. Nilipoajiriwa hapa alinifungia chakula akasema, "Ukimkuta baba yako mwambie arudi." Nilicheka, maana sikujua nifanye nini na uso wangu.

Nikiwa nimekaa pale nikasikia kinu kinaanza kunguruma.

Sikumbuki nilivyofika ndani. Ninachokumbuka ni toroli la vigae vyeupe limesimama chini ya mdomo wa kinu, na mimi nimebamiza kiganja kwenye kitufe chekundu. Kinu kikazunguka kidogo kwa ukaidi, kikanyamaza. Vingesagwa na kuingizwa kwenye mchanganyiko mpya, na baba yangu angegawanywa kwenye matanuri ya watu nisiowajua, kipande huku, kipande kule, na nisingempata tena.

Injinia alikuja mbio. Nikamweleza yote: uzio, kufuli, tuta. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo namshukuru.

"Pole, dada," akasema. "Kweli pole. Lakini hujui kama ni yeye."

"Sijui."

"Na hutajua. Kwa moto ule hakuna daktari atakayeweza kukuambia ni mtu au mnyama. Huna chochote mkononi. Ila ukilisema hili nje, kesho bwawa linafungwa, na sisi sote tunarudi nyumbani. Na wewe ukiwemo."

Damu ilinichemka, na kilichonichemsha zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli.

"Basi niambie nimsage."

"Dada..."

"Sema, Injinia. Neno moja tu. Sema 'msage', na mimi nitabonyeza kitufe hiki kwa mkono wangu."

Safari hii alivua miwani kabisa. Bila miwani alionekana mdogo, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba huenda na yeye ana mama. Kule nje mngurumo wa katapila ulikatika. Taratibu akaingia, kofia mkononi, akasimama mlangoni.

"Mimi pale kwa baba yako sirudi," akasema. "Mniite mvivu, mmeshazoea."

Injinia akavaa tena miwani, akasema ataandika kwamba majivu ya kona ile yana chokaa nyingi, hayafai, isichimbwe tena na mtu yeyote.

"Na yeye je? Utamwandika?"

"Hilo siwezi."

Kwa hiyo kwa mara ya pili pale hapakuwa na mtu. Nilitaka kulisema hilo kwa sauti, lakini toroli lilikuwa bado ndani ya ukuta na nilimhitaji Injinia getini, maana vigae vyetu haviruhusiwi kutoka. Nikalimeza. Vile vilivyobonyea nikavifunga kwenye koti langu la kazi na mashuka mawili ya stoo, na Injinia akalisukuma toroli mwenyewe.

"Ni nini hivyo?" askari akauliza.

"Vibovu," akasema Injinia.

Mkono uliniwasha nimtandike kofi. Askari akanigeukia mimi.

"Vibovu," nikasema na mimi.

Mama alikuwa jikoni anachambua maharage. Alipoona toroli la kiwanda mlangoni hakuuliza kitu, alisogeza tu ungo. Nikajikaza, nikamweleza kila kitu kwa mpangilio: majivu, chokaa, mifupa, kona ya pampu. Hata alichosema Injinia sikuficha. Akafungua fundo la koti polepole, akatoa kigae, akakiinua dirishani kama alivyofanya Injinia, akakaa anautazama ule mwanga.

"Si nilisema yuko kazini?"

Hapo ndipo nilipolia. "Lazima nikuambie, mama. Huenda ni ng'ombe. Kweli kabisa, huenda ni ng'ombe tu."

"Ng'ombe ana ufunguo?"

Tukacheka. Tulicheka vibaya, kwa kushikana mabega, mpaka maharage yakamwagika na hakuna aliyeyaokota. Kisha akalowesha kitambaa, akaanza kuvifuta vigae kimoja kimoja na kuvipanga mezani. Akasema kesho tutawaita wale wenye maneno yao, waje kuzika. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kupanga mambo ya nyumba, na mimi nikaanza kuamini kwamba lile gumu limepita.

Kwenye kigae cha mwisho mkono wake ukasimama.

"Tanuri uliliwasha wewe?"

"Mimi, mama."

"Moto wake ukoje?"

Nikamwambia ulivyo, kwa sababu sijawahi kumdanganya. Akaweka kiganja chake kwenye ule mbonyeo wa kigae, akakiacha hapo muda mrefu.

"Na yule," akasema, "hata maji ya kuoga nilikuwa nampozea."