Mshenga wa Injini Isiyo na Pistoni

Alfani wa Chiungutwa, au Baba Pili kama wengi walivyomwita, alikuwa ameozesha watu wengi hata akina mama wakipishana naye njiani walimwita mkwe wa wote. Posa yake haikuwahi kurudi. Alijua maneno ya kuingilia na ya kutokea, alijua pa kucheka na pa kukohoa, na sauti yake ilikuwa ya upole, ya kumfanya hata mjomba mwenye hasira asogeze kiti karibu. Lakini mwaka ule wa hamsini na tisa alibebeshwa posa ambayo ndani yake mlikuwa na injini ya ndege.

Mwenye posa alikuwa Abdulkadiri, kijana wa palepale Chiungutwa, aliyekuwa fundi msaidizi katika uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi. Alikuja likizo, akamwona Stamili arusini Newala, na tangu siku hiyo chakula kikawa hakimpiti kooni. Stamili alikuwa mtoto wa kijiji cha Mnyambe. Baba yake alikuwa marehemu, lakini hata angekuwa hai, neno la mwisho lilikuwa la mjomba, kama ilivyo huko kwao. Na mjomba mwenyewe alikuwa Mzee Bwanali, mhunzi, mtu ambaye akiuziwa kisu hukigonga, hukinusa, kisha huuliza kilizaliwa wapi.

Mzee Bwanali tayari alikuwa na posa nyingine, ya dereva wa lori. Kazi ya dereva ilikuwa wazi. Lori linaonekana, linanuka, na kila mtu anajua lina pistoni. Kwa hiyo akatuma salamu Chiungutwa: "Simpi mtoto wangu mtu nisiyeijua kazi yake. Nasikia huyo kijana anatengeneza injini isiyo na pistoni. Mshenga wake aje anieleze. Nikielewa, tutaongea. Nisipoelewa, namwita dereva."

Ugumu ulikuwa hapo. Desturi haikumruhusu mposaji kufungua kinywa mbele ya wakwe. Angeweza kufuatana na mshenga, lakini akae nje ya ua. Na sauti yake ikisikika, posa imevunjika. Aliyeijua injini alitakiwa anyamaze. Aliyetakiwa aieleze alikuwa mkulima wa mihogo.

Walipanda lori kutoka Masasi. Kwa bahati mbaya lilikuwa la yuleyule dereva, maana siku hiyo hapakuwa na jingine. Wakakaa juu ya magunia ya chumvi, na lori lilipokuwa likipanda mwinuko wa Newala kwa kunguruma, Abdulkadiri alikuwa akimfundisha Alfani kwa kumpigia kelele sikioni.

"Hewa inaingia mbele, Baba Pili! Gurudumu linaibana! Halafu inapita kwenye vyungu vya moto, mafuta yanawaka humo, hewa inavimba, inatafuta pa kutokea!"

"Kama mgeni aliyeshiba."

"Ndiyo! Ikitoka inayapiga mapanga madogo ya gurudumu la nyuma. Hilo ndilo turbini. Turbini inazungusha shafti, shafti inazungusha lile gurudumu la kubania hewa, na inazungusha na pangaboi mbele ya ndege!"

"Basi hiyo rahisi," alisema Alfani.

"Hiyo ni ya ndege iitwayo Vaikaunti. Ya ile iitwayo Britania ni tofauti."

Alfani alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeambiwa kwamba bibi arusi ni mapacha.

Hiyo nayo akaelezwa njia nzima. Walipofika Mnyambe, Abdulkadiri alichuchumaa nje ya ua, nyuma ya wigo wa mabua. Alfani akaingia. Mzee Bwanali alikuwa katika kibanda chake cha uhunzi, mivukuto miguuni, makaa yakiwa mekundu. Kando yake dada yake, Mama Stamili, alikuwa akisuka mkeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu mshenga. Kaa. Maneno ya maua na vikombe vya dhahabu tuyaache, nimeyasikia kwa mshenga wa dereva. Wewe anza na injini."

Alfani akaanza. Akaeleza hewa, akaeleza vyungu vya moto, akaeleza turbini na shafti. Mhunzi akatikisa kichwa taratibu, kwa kuwa mambo ya hewa na moto yalikuwa ya nyumbani kwake.

"Yaani mivukuto inavukuta moto, na moto nao unageuka kuivukuta mivukuto," alisema.

"Hasa, mzee!"

"Basi nani huianzisha?"

Alfani alikuwa ameulizwa maswali mengi katika maisha yake ya ushenga, hili halikuwamo. Nyuma ya wigo kikasikika kikohozi kidogo, kisichosaidia kitu.

"Huanzishwa kwa umeme," alisema kwa kubahatisha, na kwa rehema ya Mungu akapatia. Moyo ukamtulia, na hapo ndipo alipoteleza. "Na shafti ni moja tu, mzee. Turbini na pangaboi ni kitu kimoja, haviachani. Na uzuri wake ni kwamba turbini ya moto na pangaboi havikuunganishwa kabisa."

Mama Stamili akaacha kusuka.

"Rudia," alisema Mzee Bwanali.

Alfani akarudia, na mara hii hata yeye akajisikia.

"Baba Pili, umekuja kuposa au kutega kitendawili? Haviachani, kisha havikuunganishwa. Dereva wa watu aliniambia gari lina magurudumu manne, na nilipoyahesabu yalikuwa manne."

"Zipo mbili, mzee! Injini za aina mbili!"

"Sasa zimezaana."

Kikohozi cha nyuma ya wigo kilikuwa kimefikia cha kifaduro. Alfani alijifuta jasho. Macho yake yakaangukia miyaa, yale majani ya kusukia mkeka wa Mama Stamili, na kwa kuwa mtu aliyelea watoto saba hawezi kukosa kujua kusuka kititia, kile kichezeo kinachozungushwa na upepo, akaomba jani moja, kisha la pili.

Akasuka vititia viwili. Akavichomeka vyote viwili katika kijiti kimoja, akakilaza kijiti juu ya panda mbili za mti zilizochomekwa ardhini.

"Mzee, vukuta. Lakini mbali na makaa."

Mzee Bwanali akaugeuza mdomo wa mvukuto na kuvukuta. Vititia vikazunguka pamoja.

"Hii ndiyo ya Vaikaunti. Hiki cha nyuma ni turbini, cha mbele tukiite pangaboi. Shika kimoja."

Mhunzi akagusa kimoja kwa kidole. Vyote vikasimama.

"Sasa ya Britania." Alfani akakikata kijiti katikati, akaweka kila kititia kwenye kijiti chake na panda zake, kimoja nyuma ya kingine, havigusani. "Vukuta. Upepo unapiga hiki cha kwanza, na hiki kazi yake ni kuzungusha gurudumu la kubania hewa, basi. Upepo unaobaki unapita, unapiga hiki cha pili, na cha pili ndicho kinachozungusha pangaboi. Shafti yake inapita ndani ya ile nyingine, maana ile ni tupu kama mwanzi. Kati yao hakuna chuma, ni upepo mtupu. Shika cha pili."

Mzee Bwanali akakishika cha pili. Cha kwanza kikaendelea kuzunguka. Akakiachia, nacho kikaanza tena. Akakishika tena. Akakiachia. Alicheza hivyo kwa muda ambao Mama Stamili aliuona hauna heshima kwa mtu wa umri wake.

"Kaka, wageni hawajanywa hata maji."

"Subiri." Akainua macho. "Na pangaboi huzunguka mbio kama hiyo turbini?"

"Hapana, lingevunjika. Kati yake kuna meno, mzee, kama ya baiskeli. Meno machache yanasukuma meno mengi, mbio zinapungua, nguvu inaongezeka."

Mhunzi akacheka kwa mara ya kwanza. Kisha, kwa kuwa hakuwahi kuacha kitu kabla ya kukitia motoni, akaugeuza mvukuto na kuvukutia makaa kuelekea vititia. Cheche zikaruka. Turbini ya Britania ikashika moto na kuteketea ikizunguka.

"Hapo sasa," alisema, na sura yake ikawa nzito kweli. "Swali langu lilikuwa hili tangu asubuhi. Chuma kikikaa motoni kinalainika. Mimi hukipinda kama ugali. Hiyo turbini inakaa motoni kutwa na inakwenda mbio. Ni chuma gani hicho kisicholainika? Ukinijibu, nimeelewa."

Alfani akafungua kinywa. Magunia ya chumvi, kelele za lori, vumbi, yote aliyakumbuka, chuma hakikuwamo. Mzee Bwanali akaanza kukusanya koleo zake, ishara ya mtu anayemaliza mazungumzo.

"Nikeli!" sauti ikapasuka nyuma ya wigo. "Ni nikeli na kromu, siyo chuma!"

Alfani akajishika kichwa. Miaka yote ya ushenga, na posa ya kwanza kuvunjika inavunjwa na mwenyewe.

Mama Stamili akapitisha jani moja la mwaa juu ya jingine, pole pole. "Mbuzi wa jirani huyo," alisema. "Hana adabu, hulia saa zote."

Mzee Bwanali alimtazama dada yake, akautazama wigo. Desturi ilikuwa upande mmoja na nikeli upande wa pili, na ilionekana wazi kila moja inavuta.

"Mbuzi akilia," alisema hatimaye, "posa haivunjiki." Kisha akauelekea wigo. "Na hiyo nikeli hufuliwa kwa nyundo, au humiminwa?"

"Kaka!"

"Namuuliza mbuzi."

Jioni hiyo dereva alipelekewa salamu za heshima na kuku mmoja. Abdulkadiri alikubaliwa, kwa sharti la kawaida la wachumba wa huko, kuwafanyia kazi wakwe: likizo yote iliyobaki avukute mivukuto katika kibanda cha mjomba. Alikubali kabla mshenga hajamaliza kulisema.

Ambacho hakuna aliyekifikiria ni kwamba mchumba alikuwa bado haruhusiwi kusema na mjomba ila kupitia kwa mshenga. Kwa hiyo Alfani naye akabaki Mnyambe, ameketi kati ya wawili hao, huku mihogo yake Chiungutwa ikimezwa na magugu.

"Mwulize mapanga ya pangaboi kwa nini hugeuzwa pembe," husema Mzee Bwanali.

"Anauliza kwa nini hugeuzwa pembe."

"Mwambie ni kwa ajili ya kukamata hewa nyingi au kidogo, kufuatana na mwendo."

"Anasema hewa nyingi au kidogo."

Siku moja mzee aliweka nyundo chini, akafikiri sana. "Mwulize hivi. Kama upepo wa moto una nguvu zote hizo, pangaboi la nini? Si waliondoe, upepo wenyewe usukume ndege?"

Abdulkadiri akaruka kwa furaha. "Mwambie ipo! Inaitwa jeti! Na hata hizo ziko za namna nyingi!"

Mzee Bwanali alikuwa karibu yake kiasi cha kuhisi pumzi yake. Lakini desturi ni desturi. Akageuka, akangoja neno la mshenga.

Alfani alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akafikiria palizi inayomngoja Chiungutwa.

"Anasema hakuna kitu kama hicho," alijibu.