Mtani Kaja Kimya

Asubuhi ya mazishi ya mama yake, Rahabu alikuwa mtoni anaosha karoti. Marehemu alizing'oa mwenyewe kabla hajaanguka, akaziacha kwenye gunia nyuma ya jiko, na katika pilika za msiba hakuna aliyezikumbuka. Rahabu alizikumbuka. Akatoroka kwenye mkeka wa wafiwa, akakunja gauni, akaingia kwenye maji ya baridi mpaka magotini, anazisugua moja moja mpaka zinang'aa.

Shangazi Eliza akamkuta hapo.

"Mfiwa gani anaosha karoti?"

"Zitaoza, shangazi."

"Zioze. Watu wanakuulizia huko. Yule Mzigua wako wa kwenye tivii kafika."

Mkono wa Rahabu ukasimama. "Kasemaje?"

"Hajasema. Kasalimia, kaketi. Mtani gani anakuja msibani na adabu kama bibi harusi?"

Mji mzima wa Soni unamjua huyo Mzigua, Salama. Kila Ijumaa jioni, kwenye kipindi cha Meza Moja, yeye na Rahabu ni wauza mboga wawili wanaogawana meza sokoni kwa shida tu, maana hawapatani hata kwenye bei ya nyanya. Salama ndiye wa kuchekesha. Anaiga mgambo, anaiga mwalimu mkuu, anaiga jogoo aliyekimbiwa na mitetea. Kazi ya Rahabu ni kuuliza swali, kisha kunyamaza. Watoto wakikutana naye njiani wanamwimbia maneno ya Salama, sio yake. Ila wanaoijua kazi, kama Emanueli anayeongoza kipindi, wanasema bila lile swali, na bila ule ukimya anaoupima Rahabu kama mpishi anavyopima chumvi, Salama ni mwanamke anayepiga kelele tu. Salama analijua hilo na halimfurahishi. Rahabu naye anajua kipaji kama cha mwenzake yeye hakuzaliwa nacho. Akikitazama kwa karibu kinamfurahisha na kumchoma papo hapo. Basi wanafanya kazi, wakimaliza kila mmoja anashika njia yake.

Kilichowagombanisha ni mama. Mama yake Rahabu alikuwa na tabia moja: akitaka kumsema mtu alianza na "Mimi sisemi," halafu akasema mpaka jua lizame. Mwezi uliopita, kamera zinarekodi, bila kumwambia mtu, Salama akajifunga kanga kifuani, akaburuza mguu wa kushoto vile vile kama mama, akaanza, "Mimi sisemi..." Wapiga picha walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Rahabu aliondoka. Akamwambia Emanueli kipande kile kikatwe, la sivyo harudi. Salama akajibu kikikatwa yeye ndiye harudi, kwa sababu hajawahi kufanya kitu kizuri kama kile. Na kweli kilikuwa kizuri. Hapo ndipo palipomuuma Rahabu zaidi. Tangu siku ile kipindi kimesimama, na wale wawili hawajasemeshana.

Rahabu aliporudi uani kutoka mtoni alimwona. Salama alikuwa kwenye kona ya mkeka chini ya turubai, kanga kaivuta mpaka kwenye nyusi, mikono mapajani. Vijana walishatoa simu zao, wanangoja. Watu wa kwao na wa kina Rahabu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani msibani ana kazi yake: amwige marehemu, awaseme wafiwa, awasumbue wachimba kaburi, ili watu wapate kupumua. Akinyamaza, ni kama anasema marehemu hakuwa mtu wa watu.

"Kanuna," wanawake wakanong'onezana. "Umaarufu umempanda kichwani."

Rahabu akamtazama vizuri, akaelewa. Salama hakununa. Alikuja kuomba radhi, na akaona radhi itakayomgharimu kweli ni kufunga mdomo. Wanaume walishalizunguka jeneza. Mchungaji Alen alishafungua kitabu. Jeneza likinyanyuliwa, basi tena, utani hauna nafasi.

Rahabu akatembea mpaka kwenye kona ile, akasimama mbele ya Salama.

"Mama," akasema, kwa sauti ile kavu ya kipindini. "Ndio unaondoka hivyo? Huna neno?"

Uani pakawa kimya. Rahabu hakurudia. Hakukohoa, hakusogeza hata kidole. Mtu mwingine angeogopa, angejaza maneno. Yeye alikaa ndani ya kile kimya kama mtu aliye nyumbani kwake.

Salama akainua macho, yamejaa maji. Akaifungua kanga kichwani, akajifunga kifuani. Akanyanyuka taratibu, mguu wa kushoto ukiburuza.

"Mimi?" akasema. "Mimi sisemi."

Mtu akaguna huko nyuma.

"Mimi sisemi. Ila kule chini mnachimba kaburi au shimo la viazi? Kristian mwanangu, jembe umelishika wewe au limekushika? Na wewe mchungaji, mimi sisemi, lakini Krismasi ulihubiri mpaka mbuzi wangu akazaa."

Mchungaji alificha uso kwenye kitabu, mabega yanacheza. Shangazi Eliza alikumbatia nguzo ya turubai.

"Na huyu binti yangu, kazi kuuliza tu. Nimechoka kujibu, yeye hajachoka kuuliza. Nimeona bora nife nipumzike."

Rahabu akacheka. Alicheka mpaka kicheko kikakatika katikati, kikageuka kilio, cha kwanza tangu mama afe. Salama akamdaka, akamkumbatia, na bado kwa sauti ile ile ya marehemu akamwambia, "Futa kamasi, watu wanatazama."

Wakazika. Wakala. Salama aliondoka mapema kuwahi gari la Mombo. Alimpa Rahabu mkono, akasema "Pole, mwenzangu" huku anatazama kando, na habari ya kazi hakuigusa.

Jioni Rahabu akatoa simu. Akaandika, akafuta, akaandika tena: *Mwambie Emanueli asikate kile kipande. Jumatatu mimi nitakuwepo kurekodi. Wewe je?*

Akatuma. Alama zikageuka bluu palepale. Likatokea neno *anaandika*, likapotea. Likatokea tena, likapotea, halikurudi.

Wanaume walikuwa wanashusha turubai. Maji ya ukungu yaliyojikusanya juu yake yakamwagika yote kwa pamoja, watu wakaruka pembeni. Rahabu aliikinga simu kwa upindo wa kanga, akaendelea kusimama pale pale akingoja jibu, miguu ndani ya tope.