Kabichi za Adhabu

Nyuma ya bweni letu kuna kipande cha ardhi kilichokuwa na majani chai kabla shule haijajengwa. Ndicho ilichopewa Klabu ya Kilimo, yaani mimi Nyawira, mwenyekiti, na Wendy, ambaye ni wanachama wengine wote. Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Wambugu, alikitaka kiwe pa kuegesha magari. Mwalimu mkuu akatoa hukumu: tukikosa kabichi tena muhula ujao, kitamwagiwa kokoto.

Kabichi zetu zilikuwa zikifa kwa heshima zote. Zilinyauka mchana, na uking'oa moja unakuta mizizi imevimba kama tangawizi. Udongo ule ni mchachu, na Bwana Wambugu aliuchachusha zaidi. Kila msimu alituletea mbolea ya majani chai iliyobaki kwao Tetu, kwa imani kwamba kilichofaa chai hakiwezi kukosea.

"Mwalimu, hiyo inaongeza asidi," nilimwambia. "Tunaomba chokaa."

"Chokaa ni ya choo na ya kiwanja. Ama kabichi zako zinacheza mpira?"

Siku ya wazazi kututembelea, babake Wendy, anayeuza mbegu Ruring'u, alituletea magunia ya chokaa ya shamba. Kuimwaga ilikuwa rahisi. Kuichanganya na udongo kwa majembe mawili, hapana. Nililitafakari jambo hilo kwa uzito linaostahili. Kisha tukaitandaza yote juu, shamba likawa jeupe kama keki ya harusi, na katikati tukaandika kwa jivu: KARIBU UPAKI, MWALIMU.

Bwana Wambugu alisoma polepole.

"Nani amefanya hii upuzi?"

"Ni sisi."

"Sasa bweni yote ishike jembe. Hiyo unga iingie ndani. Sitaki kuona nyeupe hapa."

"Tulime mpaka wapi, mwalimu?"

"Mpaka jembe izame."

Bweni zima lililima Jumamosi kutwa, likitulaani kwa Kikuyu safi. Nilizipokea laana hizo kwa unyenyekevu, huku nikimwonyesha Anita, mwenzetu wa bweni, alipoacha weupe.

"Wewe nitakulimia kichwa," Anita akasema.

Muhula uliofuata tulipanda. Mbolea ya Tetu tuliipeleka kwenye michai iliyobaki langoni, nayo ikashukuru.

Lori la kokoto lilifika kabichi zikiwa zimefunga. Bwana Wambugu aliliita bila hata kupita nyuma ya bweni. Mwalimu mkuu alikuja kushuhudia. Niling'oa kabichi moja, nikaiweka mikononi mwa naibu wake. Mizizi ilikuwa myembamba, safi, kama nyuzi.

"Nani aliwaruhusu kuweka chokaa?" Bwana Wambugu akauliza.

"Ni wewe, mwalimu. Ulisema yote iingie ndani."

Mwalimu mkuu aliigeuza ile kabichi, akaigonga kwa kidole, kisha akamwambia dereva akamwage kokoto kule langoni penye matope.

Bwana Wambugu alibaki akitazama mistari ya kabichi.

"Na msimu ujao nani atawalimia?"

"Itategemea, mwalimu," nikasema, "utakasirikia nini."