Bia Isiyoonjwa

Jumapili, kabla meli haijang'oa nanga, abiria wa kwanza kufika kaunta kwangu alikuja kurudisha kadi.

Kwenye meli yetu, Umutuzo, kila abiria hupewa kadi ya vinywaji mwanzoni mwa safari. Kadi ina visanduku tisa, vitatu kwa kila siku, na kila ninapofungua chupa natoboa kisanduku kimoja. Visivyotobolewa hufa safari inapoisha. Havihamishiwi safari inayofuata, hata kama abiria ni yuleyule na kitanda ni kilekile. Asiyetaka pombe hurudisha kadi na kusaini daftari, na tangu hapo siruhusiwi kumpa hata tone, hata akibadili nia, hata akipiga meza. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeona saini nne tu katika daftari hilo.

Ya tano iliandikwa polepole, kwa herufi za mtu aliyezoea kusaini nyaraka: Théoneste. Alikuwa mzee wa miaka kama sitini, suti ya kijivu, kofia mkononi. Alikuwa amekata tiketi mbili mfululizo, ya kwanza Jumapili hadi Jumatano, ya pili Jumatano hadi Jumamosi, zote mbili kutoka Gisenyi hadi Cyangugu na kurudi. Nikamuuliza kama analipenda ziwa kiasi hicho. Akasema amelitazama tangu utoto wake Goma, na bado hawajazoeana.

Sababu aliitoa Jumatatu, kidogo kidogo, akinywa chai. Binti yake Belise alikuwa anaposwa Jumamosi, nyumbani kwao Nyundo. Miaka minne nyuma, siku ya kuposwa kwa dada mkubwa, Ineza, mzee aliamka akiwa mzima, na wageni walipofika alikuwa hawezi kusimama. Alimtukana baba wa bwana harusi, kisha akalala juu ya mkeka mbele ya watu wote. Mdogo wake wa kiume ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba. Safari hii Belise alimweleza mapema, bila kupandisha sauti: akimkuta na harufu ya pombe Jumamosi, baba mdogo atakaa tena kwenye kiti hicho.

Alijaribu kujizuia nyumbani. Lakini wiki ya posa kila jirani anayepita kutoa pongezi huja na chupa, na nyumba isiyopokea chupa ya mgeni husemwa. Alivumilia siku moja, hadi saa sita mchana. Ndipo akauza ndama na kuja kwetu, mahali ambapo hakuna jirani na ambapo kuna daftari.

"Kule nyumbani mi ndiye nasema hapana," aliniambia. "Hapa iko karatasi inasema. Karatasi haichoke."

Nilipenda maneno hayo. Sikuyafikiria zaidi mpaka Jumanne, meli ikiwa imesimama Kibuye, aliponyoosha vidole juu ya kaunta na kuhesabu siku zilizobaki. Bado nne, akasema, na zote ziko chini ya saini yake.

Hapo nikaona kosa langu. Sikuwa nimemwambia kwamba saini nayo hufa na safari. Jumatano saa nne asubuhi, tukishafunga kamba Gisenyi, ningepiga mstari chini ya daftari. Daftari jipya lingefunguliwa saa nane mchana, orodha mpya ya abiria ikishasainiwa na watu wa bandari. Kati ya saa nne na saa nane, abiria wa safari mbili hubaki melini bila kadi, na kampuni, ili kuwashukuru, huwaambia wanywe watakacho bure. Watalii huyaita masaa hayo zawadi.

Nilikwenda kwa Cedric, msimamizi wetu, kumwomba jina la mzee libaki. Alikataa, na sikuweza kusema amekosea. Mwaka uliopita jina la abiria mmoja lilisahauliwa katika daftari bila kukatwa, akanyimwa divai katika safari ya pili mbele ya mke wake, akaandika barua hadi Kigali. Tangu hapo agizo ni moja: jina halivuki. Nikamwomba basi nifunge kaunta. Akaniuliza wale abiria wengine sita wa safari mbili tuwaeleze nini. Alisema mzee ni mtu mzima, na masaa manne si mengi. Cedric alikulia Uganda na huwa anasema mambo kama yanavyoandikwa. Si mtu mbaya.

Jioni hiyo hiyo, jua halijatua, nikamweleza mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, akakigeuza kikombe chake mara mbili kwenye kisahani.

"Mi nilisaini kwa siku sita."

"Najua, mzee. Kosa ni langu. Nilipaswa kukwambia Jumapili."

Hakunilaumu. Aliuliza kama naweza kumnyima tu, bila daftari. Nikamwambia ukweli, kwamba abiria asiye na saini siruhusiwi kumnyima, na nikimnyima nitafukuzwa, na atakayekaa hapa baada yangu atampa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei. Akasema atajifungia chumbani.

Jumatano tulifika mapema. Gati yetu iko upande wa Nyamyumba, na upepo ukitoka kwenye kiwanda cha bia harufu ya kimea huingia melini mpaka kwenye mito ya vitanda. Siku hiyo upepo ulitoka huko. Saa nne nikapiga mstari kwa rula. Watalii wawili wakaja kuchukua divai yao ya bure, wakapanda nayo juu kwenye jua. Mlango wa chumba cha mzee ulibaki umefungwa, na mimi nikapangusa glasi ambazo zilikuwa safi tayari.

Karibu na saa tano na nusu nikasikia mtu anaita kutoka gatini. Alikuwa mwanamume mnene mwenye shati la maua, mikono kiunoni, akitazama madirisha moja moja. Baadaye nilijua ni Hitimana, rafiki wa mzee wa tangu ujana, ambaye alisikia mjini kwamba meli imerudi.

"We Théo! Posa ni ya mutoto ao ni yako? Unajificha sawa vile bibi arusi!"

Wapakuzi wakacheka. Hitimana, alipoona ana wasikilizaji, akaendelea. Alisema amekuja kumpongeza baba mkwe na baba mkwe amegeuka mtawa. Akasema pale juu, hatua hamsini tu, iko mama anauza bia baridi sana, na meli haiondoki mpaka saa nane, ameshauliza. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na hamu na rafiki yake, hilo lilionekana hata kutoka kaunta.

Dirisha la mzee halikufunguliwa. Baada ya muda Hitimana akachoka, akaketi juu ya gunia kungoja. Nikadhani limepita.

Saa sita kasoro kidogo nikasikia kitasa. Mzee Théoneste alikuja amevaa suti yake kamili, kofia kichwani, kama mtu anayekwenda ofisini. Akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta. Aliitazama kana kwamba si yake.

"Nipe ile ya bure," akasema. "Kubwa."

"Mzee."

"Mwana wangu, nipe. Nikishuka chini kwa Hitimana nitakunywa kumi. Hapa nitakunywa moja."

Nilifanya kama kazi yangu inavyotaka. Nilitoa chupa kwenye friji, nikaweka glasi mbele yake, nikafungua chupa akiwa anatazama, nikamimina. Povu likapanda likasimama ukingoni. Sikuwa nimepanga neno lolote. Nilikuwa namtazama tu anavyonyoosha mkono, nikamkumbuka marehemu bibi yangu kule Karagwe, ambaye hata uhamishoni, hata kama ni kikombe cha plastiki, hakumpa mgeni pombe kabla hajaonja yeye mwenyewe. Kwetu Wanyarwanda yule anayetoa ndiye huonja kwanza, gusogongera, ili anayepokea ajue hakuna kitu kibaya ndani. Kutoa bila kuonja ni matusi.

"Samahani, mzee," nikasema. "Nimekupa bila kusogongera."

Mkono wake ukasimama. "Kwa baa hatusogongere. Munafungua mbele ya mutu, inatosha."

"Kwenye baa mtu ananunua. Hii hununui. Hii ni zawadi ya meli, na mimi ndiye ninayeitoa."

Aliitazama glasi, kisha akanitazama mimi.

"Bon. Sogongera basi."

"Siruhusiwi. Mfanyakazi haonji pombe mpaka amalize zamu zake na kushuka. Mimi nina safari mbili mfululizo kama wewe. Nitashuka Jumamosi."

"Donc unanipatia pombe yenye hujaonja."

"Ndiyo, mzee."

"Na hautaionja mbele ya Jumamosi."

"Siwezi."

Aliuondoa mkono kwenye glasi, akavuta kiti cha juu, akaketi. Kitu fulani kilipita usoni kwake, si kicheko, lakini kilikuwa kinaelekea huko.

"Mutu wa heshima hawezi kukunywa pombe ya namna hiyo," akasema.

"Hawezi."

"Hata Hitimana angekataa."

"Sijui kuhusu Hitimana," nikasema, na hapo ndipo alipocheka, kwa pumzi tu.

Nisieleze kana kwamba baada ya hapo ilikuwa rahisi. Glasi ilibaki kati yetu, kwa sababu bila yeye kuniambia sikuwa na ruhusa ya kuiondoa, na yeye hakuniambia. Nadhani alitaka iwepo. Jasho lilimtoka, akavua kofia, akaivaa. Mara mbili aliuweka mkono karibu na glasi na mara mbili aliniuliza, polepole, kama nimeshaonja. Mara mbili nikamjibu bado. Katikati ya hayo alinihadithia kazi yake ya zamani ya forodha pale mpakani, jinsi alivyokuwa akirudisha gari zima kwa sababu ya muhuri mmoja uliokosekana, na watu wakimlaani, naye akilala usingizi mzuri. Povu likashuka. Bia ikabaki na rangi yake tu.

Saa saba Cedric akapita na orodha zake. Akaona abiria, glasi iliyojaa, na mimi nimesimama mikono nyuma. Akaniuliza kwa nini mgeni hanywi.

"Anangoja nisogongere," nikasema.

Cedric alikulia Uganda lakini alilelewa na Wanyarwanda. Alimtazama mzee, akaitazama saa ya ukutani. Nilimwona anatafuta kwenye kichwa chake kifungu cha agizo ambacho nimekivunja. Hakukipata. Akasema orodha ya bandari ataifuata yeye mwenyewe leo, labda watasaini mapema, akaondoka akitembea haraka kuliko kawaida yake.

Hawakusaini mapema sana. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi alipoiweka karatasi juu ya kaunta. Nilifungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe, nikampa mzee kadi yake mpya yenye visanduku tisa. Akairudisha palepale bila kuiangalia, akashika kalamu. Saini ilikuwa mbaya sana. Ile ya Jumapili na ile ya Jumatano hungedhani ni za mtu mmoja.

Ndipo akaisogeza glasi kwangu kwa kidole. Nikaimwaga kwenye sinki, na katika fomu ya vinywaji vilivyoharibika nikaandika chupa moja. Mahali pa sababu nikaandika: haikuonjwa.

Tulipong'oa nanga Hitimana aliinuka kwenye gunia lake. Mzee alitoka nje, akasimama kwenye reli na kumpungia kofia. "Kuja Jumamosi," akamwambia. "Kuja unione nimeketi."

Jumamosi tulifika saa mbili asubuhi. Belise alikuwa gatini, nywele zimeshasukwa kwa ajili ya sherehe, kitenge cha kawaida juu ya nguo za nyumbani. Nilikuwa kwenye ngazi nikiagana na abiria, kwa hiyo niliona yote. Mzee alishuka, suti yake ya kijivu imenyooshwa. Binti akamkumbatia, na akaendelea kumkumbatia kwa muda mrefu kuliko watu wanavyofanya, pua yake imefika shingoni, kisha karibu na mdomo. Mzee alijua anachofanyiwa. Hakujitoa wala hakugeuza uso.

Belise alipomwachia, macho yake bado yalikuwa na shaka kidogo.

"Nusa tena," mzee akamwambia, akainama ili amfikie vizuri.